Flashi na Sura za Watoto Wetu Ndani ya Nyumba

Mwezi huu akina mama kadhaa wametuomba tuandike habari ya picha. Si picha za harusi wala za kwaya, hizo zina wenyewe, ila picha za watoto wadogo tunazopiga sisi kwa sisi ndani ya nyumba, kwa simu ama kwa kamera ndogo, jioni watoto wakiwa wameshaoga na kula. Malalamiko ni yale yale kila mahali. Mtoto anatoka mweusi tii, meno tu ndiyo yanaonekana. Ama anatoka mweupe kama aliyemwagiwa unga wa muhogo. Ama macho yanawaka nyekundu mpaka watu wazima wanaogopa. Mama mmoja jirani alituletea simu yake akasema, "Mwalimu, tazama vile wamemufanya mutoto wangu, ni kama iko ndani ya moshi." Na aliyepiga ile picha alikuwa baba wa mtoto mwenyewe, amesimama pale pale mlangoni anacheka.

Wengine watauliza kwa nini kuhangaika na taa wakati mchana upo na jua ni la bure. Ni kweli, na sisi tunasema wazi kwamba picha nzuri kuliko zote hupatikana karibu na mlango, mchana, kwenye kivuli. Anayeweza apige hapo. Lakini mtoto mchanga hatolewi nje ovyo. Mvua ya Kigoma ikianza mwezi wa kumi na moja hatuna tena uwanja, tuna matope. Baba yuko kwenye kibarua tangu asubuhi, anarudi giza linaingia, naye anataka picha na wanawe. Tena kuna jambo lingine ambalo sisi tunaofundisha wadogo tunaliona kila siku: mtoto wa nje si yule wa ndani. Nje ukimtolea simu anajipanga mstari na wenzake, anakaza shingo, anabana mikono kama yuko paredi. Ndani yuko juu ya mkeka kwa mama yake, anacheka bila kuambiwa cheka.

Picha ya kukaza shingo tunayo sote. Ni ile tuliyopigwa siku ya kuandikishwa, uso mbele, ukuta nyuma, usicheke. Hiyo ni picha ya karatasi na ina kazi yake. Sisi tunaongea juu ya ile nyingine.

Familia zetu hapa Nyarugusu zimetawanyika, hakuna haja ya kueleza sana. Bibi amebaki Fizi au Uvira, mjomba yuko Marekani, dada mkubwa yuko Zambia. Mtoto akizaliwa huku, wale wa mbali wanamjua kwa picha tu, na hawamtazami kama tunavyomtazama sisi tunaomwona kila siku. Bibi anatafuta kwenye uso huo pua ya marehemu mume wake. Anatafuta paji la uso la ukoo. Kama flashi imeunguza uso wote ukawa mweupe, pua hiyo hataiona, atasema tu "asante, nimemwona" na moyo wake haujatulia.

Halafu lipo jambo zito zaidi, tulitaje mara moja tuendelee. Baada ya mwaka 1994, watoto wengi wa Rwanda walipopotezana na wazazi wao, mashirika yaliwapiga picha na kuzibandika kwenye mbao za matangazo makambini upande wa Goma na ndani ya Rwanda, ili mzazi apite na kutazama sura moja moja. Ilibidi iwe hivyo, kwani mtoto wa miaka 2 hajui jina la baba yake, anajua "baba" tu, na kijiji chake anakijua kwa jina la "kwetu". Kitu anachobeba ni uso wake. Nasi tunaotoka upande ule wa ziwa tunajua watu wanavyopotezana usiku mmoja. Kwa hiyo picha inayoonyesha vizuri sura ya mtoto wako ilivyo mwaka huu, siyo mwaka juzi alipokuwa bado hana meno, si mchezo wa vijana wenye simu.

Sasa tuje kwenye nyumba zetu. Nyumba ya matofali ya udongo yenye dirisha moja dogo ni giza hata saa sita mchana. Ukuta wa udongo unameza mwanga, na kile kidogo unachorudisha kinarudi na rangi ya udongo, ndiyo maana ngozi ya mtoto inakuwa kama ya kutu. Koroboi au taa ndogo ya sola inatosha kuonea sahani, lakini haitoshi kwa kamera. Simu nyingi za siku hizi zina mpango wa kupigia usiku, zinakusanya mwanga polepole, sekunde moja au mbili. Kwa mzee aliyekaa kwenye kiti hiyo inafaa sana. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu haifai, kwani ndani ya sekunde mbili ameshageuka, ameshapiga chafya na ameshika simu yako. Unapata wingu lenye nguo.

Hapo ndipo flashi inapoingia. Kwenye kamera, flashi ni bomba dogo la kioo lenye gesi inayoitwa zenoni. Umeme wa betri unakusanywa kwanza kwenye kifaa kinachoitwa kapasita, kama maji kwenye ndoo, halafu unamwagwa wote kwa mkupuo. Wenye umri wetu tunakumbuka zile kamera za filamu za wapiga picha waliokuwa wakizunguka kambini tulipokuwa wadogo: ukiwasha flashi ilikuwa inalia "wiiii" kama mbu, halafu kataa chekundu kinawaka, ndipo wanasema "tayari". Ule mlio ulikuwa wa umeme kuingia kwenye kapasita. Mwako wenyewe ni mfupi ajabu, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ufupi huo ndio unaomkamata mtoto akiwa ameruka hewani na picha isitikisike. Flashi ya simu karibu zote si hiyo. Ni taa ndogo ya LED, nguvu yake ni kidogo na inawaka kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mwenye simu asitegemee kumkamata mtoto anayekimbia. Asubiri anapotulia: anapopiga miayo, anaponyonya, anapoangalia kitu mkononi, na ile dakika moja kabla usingizi haujamchukua.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu anakosea ni umbali. Mwanga ukitoka kwenye taa unatawanyika. Fikiria turubai. Mwanga unaotosha kipande kimoja cha turubai ukiwa mita 1, ukisogea mita 2 mwanga huo huo inabidi utoshe vipande vinne, na mita 3 vipande tisa. Yaani ukirudi nyuma mara mbili, mtoto hapati nusu ya mwanga, anapata robo. Ndiyo sababu anayesimama mlangoni akapiga watoto walio kwenye kona ya ndani anapata giza, na anayemwekea mtoto simu puani anapata unga. Flashi ya kamera ndogo inafika kama mita 3 hivi, ya simu hata nusu yake haifiki vizuri. Kwa mtoto mmoja, mita moja hadi moja na nusu panatosha. Akionekana mdogo kwenye kioo, acha hivyo, utakata picha baadaye.

Hesabu hiyo hiyo ya turubai inaeleza kwa nini baba anapotea. Desturi yetu ni kupanga watoto mbele, mama amekaa katikati, baba amesimama nyuma kabisa na mikono kwenye mabega ya watu. Ni mpango wa heshima. Ila flashi haijui heshima, inampa mwanga mwingi aliye karibu na kidogo aliye mbali, kwa hiyo mtoto wa mbele anaungua na baba anakuwa kivuli chenye shati. Dawa ni kuwakalisha wote kwenye mstari mmoja unaojipinda kidogo kama mwezi, kila mmoja umbali sawa na kamera. Wapo akina baba wanaokataa kukaa mkekani na watoto kwa ajili ya picha. Sisi hatubishani na mtu mzima. Tunampiga mara mbili, mara ya kwanza amesimama kama anavyotaka, mara ya pili amekaa na mdogo kabisa mapajani, halafu tunampa simu achague mwenyewe.

Jambo la pili ni ukali. Flashi ikipiga moja kwa moja kutoka kwenye kamera, uso unakuwa bapa kama sahani, na nyuma ukutani kinatokea kivuli cheusi chenye ncha. Mtoto wa watu anaonekana kama mwizi aliyemulikwa. Hapa kuna vitu vitatu ambavyo tumevijaribu na vinasaidia, na vyote havinunuliwi. Msogeze mtoto mbali na ukuta, hatua moja kubwa tu, kivuli kitaanguka chini kisikoonekana. Ziba flashi kwa kitu cheupe chepesi: karatasi laini ya chooni mkunjo mmoja, au kitambaa cheupe kilichochakaa, au kipande cha kidumu cha plastiki nyeupe kilichooshwa. Mwanga unatoka umelainika kama mwanga wa mawingu. Kiwe cheupe kweli. Tuliona mtu ameziba kwa kitenge cha njano, watoto wote wakatoka kama wana ugonjwa wa ini. Na kwa sababu kitambaa kinakula mwanga, lazima usogee karibu zaidi kidogo kuliko ulivyozoea.

Cha tatu ndicho kizuri kuliko vyote, nacho ni kuacha kummulika mtoto na kumulika kitu cheupe badala yake. Wenye studio wana dari nyeupe, wanaelekeza flashi juu na mwanga unarudi chini umetawanyika. Sisi dari yetu ni nyasi au turubai. Turubai la msaada ni jeupe pande zote mbili, likiwa bado halijashika moshi linarudisha mwanga vizuri sana, lakini wangapi tuna turubai lisiloshika moshi? Basi tunatumia shuka jeupe. Flashi ya simu haigeuki kuelekea upande, hiyo tunajua, kwa hiyo inatakiwa simu mbili: moja ya kupiga, flashi yake imezimwa, na nyingine imewashwa tochi.

Tueleze vile tulivyofanya kwa mama mmoja wa mapacha, watoto wa miezi saba, ambao yeye alikuwa ameshapiga picha nyingi na hakupenda hata moja. Saa moja jioni, nje giza. Tulitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo ndani ya chumba, upande wa kushoto wa mkeka, karibu mita moja na watoto. Kaka yao mkubwa, wa darasa la nne, alishika simu yenye tochi akailenga shuka, siyo watoto. Chumba kizima kilibadilika, hata mama mwenyewe alishangaa akasema, "Kumbe nyumba yangu iko hivi!" Upande wa kulia nguo nyeupe ya kubebea mtoto tuliitandaza kwenye kiti, irudishe mwanga kidogo upande wenye kivuli. Kisha tulilala kwa tumbo kwenye mkeka ili simu iwe sawa na macho ya watoto, tukagusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu ili simu ijue kipimo cha mwanga kinatoka wapi, tukasubiri. Pacha mmoja alikuwa anamtazama mwenzake. Mwingine anakula kidole. Picha ya tano ndiyo ilikuwa yenyewe. Mama aliikuza kwa vidole mpaka akaona unyevu kwenye mdomo wa mtoto, akanyamaza.

Ile habari ya kugusa uso isidharauliwe. Simu inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Mtoto wetu mwenye ngozi nyeusi akivishwa nguo nyeupe pe ya ubatizo, simu inashughulika na nguo na kumwacha mtoto gizani, au flashi inaunguza nguo yote. Nguo ya rangi ya katikati, ya bluu, ya kijani, ya kitenge, inasaidia sana. Na tujue kwamba kosa si la ngozi ya mtoto. Miaka mingi kampuni ya Kodak ilikuwa inapima rangi za picha kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley, na maabara za nchi nyingi zilifuata kipimo hicho. Kwa hiyo mzazi anayesema "mtoto wangu hapendezi kwenye picha kwa kuwa ni mweusi sana" ameonewa, na mtoto ameonewa zaidi. Mwanga ukimfikia kutoka upande, ukiwa laini, ngozi nyeusi inang'aa na kuonyesha umbo la uso kuliko ngozi nyingine yoyote. Hilo ni neno letu, na atakayebisha tumpe shuka na tochi aone.

Macho mekundu sasa. Gizani mboni ya jicho inafunguka sana ili kuona. Flashi ikiwa karibu kabisa na lenzi, mwanga unaingia kwenye mboni iliyo wazi, unagonga nyuma ya jicho kwenye ngozi nyembamba iliyojaa damu, na kurudi moja kwa moja kwenye kamera ukiwa mwekundu. Si pepo, si homa. Washa taa nyingine chumbani dakika chache kabla, mboni ijifunge kidogo. Mtoto atazame pembeni kwa mama yake, siyo ndani ya lenzi. Na ukitumia mwanga wa shuka, wekundu hautokei kabisa.

Akina bibi wengi wanauliza kama flashi inapofusha mtoto mchanga. Mwaka 2015 ilienea habari kutoka Uchina eti mtoto wa miezi mitatu alipofuka jicho moja kwa sababu mtu alimpiga picha kwa karibu akasahau kuzima flashi. Wataalamu wa macho waliieleza dunia kwamba flashi ya kawaida haiwezi kufanya hivyo. Mwako wake ni mfupi sana, na mtoto akitazama nje mchana anapata mwanga mwingi kuliko huo. Kwa hiyo msiogope. Ila adabu ibaki. Tochi ya simu inayowaka muda mrefu usimwekee mtoto machoni kwa karibu, inamsumbua kama inavyokusumbua wewe, na ukimshtua mara tatu atalia kila akiona simu. Na kitambaa cha kulainisha mwanga ni cha flashi na tochi tu, kamwe si cha koroboi wala mshumaa. Nyumba za nyasi tunazijua.

Hapo kwenye macho tunaomba mtusome polepole. Macho yote mawili kuwa mekundu ni kawaida. Lakini kama kwenye picha ya flashi jicho moja ni jekundu na jingine linatoka jeupe au la njano, kama jicho la paka usiku, mzazi asifute picha hiyo. Kuna saratani ya jicho inayoitwa retinoblastoma, inashika watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni weupe huo ndani ya mboni. Mtoto wa jicho pia, ule ukungu ambao mtoto anaweza hata kuzaliwa nao, unaweza kuonekana hivyo. Tena wakati mwingine si kitu, ni pembe tu ambayo mtoto alitazama. Kwa hiyo rudia siku nyingine, kwa flashi iliyo wazi bila kitambaa, mtoto atazame mbele, chumba kiwe na giza kidogo, na kama simu ina mpango wa kufuta macho mekundu uuzime. Weupe ukirudi katika jicho lile lile, mpeleke mtoto kituo cha afya na simu yako mkononi, muonyeshe mganga hiyo picha. Na mtoto akiwa na makengeza yaliyoanza ghafla, au jicho limebadilika, usisubiri picha ya pili.

Hii si hadithi ya kutisha watu. Mwalimu mmoja wa kemia wa chuo kikuu huko Texas, Bryan Shaw, ambaye mwanawe alipata saratani hiyo, alirudi kwenye picha za familia zaidi ya 7,000 akazikagua moja moja, akakuta weupe ulianza kuonekana mtoto akiwa na siku 12 tu. Baadaye yeye na wenzake walitengeneza programu ya simu ya kutafuta weupe huo. Ugonjwa ukikamatwa mapema watoto wengi wanapona, na wengine wanabaki na jicho lao. Ukichelewa unatembea mpaka kwenye ubongo. Tafadhali, hakuna kumdondoshea mtoto maziwa ya mama wala majani kwenye jicho na kungoja mwezi. Matibabu ya ugonjwa huu yapo Tanzania, hospitali kubwa kama Muhimbili zinayatoa, ila njia inaanzia kwenye kituo chetu hapa na barua ya rufaa.

Tumalizie na adabu ya flashi, kwani mwanga wa ghafla ni nguvu juu ya mtu. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Miethe na Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi uliokuwa unalipuka na kutoa mwanga mkubwa. Haukupita mwaka, mwandishi wa gazeti wa New York anayeitwa Jacob Riis akaanza kuutumia kupiga picha usiku ndani ya vyumba vya wahamiaji maskini, familia nzima kwenye chumba kimoja bila dirisha. Riis mwenyewe alikuwa mhamiaji, alitoka Denmark mwaka 1870 na alilala njaa. Alifanya mema, picha zake na kitabu chake cha 1890 vilisaidia kubadilisha nyumba zile. Lakini mara nyingi watu hao aliwalipukia tu, wakaamka wameduwaa, na mara mbili aliwasha nyumba moto. Tukitazama picha zile tunaona nyuso zilizokamatwa. Nasi tunafahamu kupigwa picha na mgeni anayepita.

Kwa hiyo hata kwa mtoto wa miaka mitatu sisi tunaomba ruhusa. Tunamuonyesha tochi kwanza, tunammulikia mkono wake, tunamwachia naye awashe na kuzima mara kadhaa, aone mchezo wote. Baadaye hashtuki. Hatumpigi anayeoga, hatumpigi akiwa uchi hata kama inachekesha, kwani simu inapotea na picha inatembea. Hatupigi mtoto wa jirani bila mama yake kujua. Na tunatazama nyuma ya mtoto kabla ya kubonyeza, kadi ya mgao au karatasi zenye namba za familia zisiwe zimetundikwa ukutani zikaonekana.

Picha ikishatoka nzuri, isiishie kwenye simu. Simu zinaanguka kwenye maji, zinaibiwa, zinauzwa wakati wa shida. Tuma nakala kwa ndugu mmoja wa mbali anayejua kutunza. Ukipata nafasi ya kuchapisha, chapisha moja tu nzuri kuliko kumi za ovyo, iweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya daftari gumu, mbali na moshi wa jikoni, na siyo sakafuni ambako mchwa wanapita. Nyuma yake andika kwa penseli, bila kukandamiza: jina la mtoto lote, jina la baba na la mama, kijiji mlichotoka, tarehe ya picha na umri wa mtoto siku hiyo. Mama wa mapacha alitaka tuongeze pia nani yuko kushoto, kwani bibi yao yuko Fizi na hajawahi kuwashika.